Kisanduku Cheusi cha Saiba

Mathe alifunga saiba mwaka jana mwezi wa nne, baada ya miaka kumi na mitatu pale Githurai 45, hatua chache kutoka kwa reli. Hakulia wala hakutoa hotuba. Mashine ya fotokopi ilienda kwa jamaa wa Kahawa West, kompyuta tatu zikachukuliwa na shule ya watoto wadogo, viti vikaenda kwa jamaa wa chipo wa mlango wa pili, na kile kibao cha "KRA, HELB, eCitizen, laminasheni" bado kiko nyumbani nyuma ya kabati kwa sababu hakuna aliyejua cha kukifanyia. Simu ndizo zilizommaliza. Mtu ana eCitizen mfukoni, saiba atakuja kufanya nini? Kuchapa tu, na kuchapa pekee hakulipi kodi.

Siku ya kubeba vitu vya mwisho nilipiga magoti chini ya kaunta kukusanya nyaya, nikakikuta. Kisanduku cheusi, kirefu kama kitabu nene kilichosimamishwa, kimezungushiwa kitambaa cha meza na juu ya kitambaa kuna vumbi la barabara yote ya Githurai.

"Na hiki?"

Mathe aliangalia kidogo tu. "Si wewe uliniambia nikichomoe? Basi ni chako. Ama ukitupe."

Nilikiweka kwenye begi. Sikukumbuka mara moja ni lini nilimwambia akichomoe. Nilikumbuka nikiwa ndani ya matatu, na nilipokumbuka nilitamani nisingekumbuka.

Kwanza nieleze ni kitu gani. Ni diski ya kompyuta, ile kubwa ya inchi tatu na nusu, iliyofungiwa mgongoni kompyuta ndogo. Hakina skrini, hakina kibodi, na hakina hata tundu la USB. Kina tundu la stima, tundu la waya wa mtandao na taa moja usoni. Unakichomeka kwenye ruta, na kila kompyuta ya nyumba au ofisi inaona folda zake kana kwamba ziko ndani yake. Hiki ni My Book Live ya Western Digital, terabaiti 2, na mjomba alikileta kutoka Marekani Krismasi ya 2012, saiba ikiwa na miezi michache. Ndugu zake walitaka viatu. Mathe akapewa kisanduku, na kwa miaka karibu tisa kila kilichopita kwenye skana ya saiba kililala humo.

Na Mathe alikuwa na mtindo wake wa kutunza. Hakumpa mteja jina la faili kama "scan0047". Alimwandika vile alivyomjua. "Mama karanga kitambulisho." "Yule wa gesi, cheti cha ndoa." "Kijana mrefu HELB." Ukirudi baada ya miezi sita ukilia kwamba umeibiwa waleti Muthurwa, alikuuliza jina, akakutazama, akaenda moja kwa moja kwenye folda. Watu walidhani ni uchawi. Ni kisanduku tu.

Sasa hiyo siku ya kukichomoa. Ilikuwa Juni 2021. Watu sehemu mbalimbali za dunia waliamka wakakuta visanduku vyao vya aina hii vimefutwa. Picha za harusi, kazi za miaka, vyote vimeenda, kisanduku kiko kama kilivyotoka dukani. Kulikuwa na udhaifu uliojulikana tangu 2018, lakini kisanduku chenyewe kilipata sasisho lake la mwisho la programu mwaka 2015, kwa hivyo hakuna aliyekuja kuziba. Baadaye wachunguzi wakaona na mlango wa pili. Ile sehemu ya programu iliyopaswa kuuliza paswadi kabla ya kufuta kila kitu ilikuwepo, imeandikwa vizuri kabisa, ila mistari yake ilikuwa imezimwa. Yaani mlinzi ameajiriwa, amepewa yunifomu, halafu akaambiwa akae nyumbani. Kampuni iliwaambia wenye visanduku wavitoe kwenye intaneti, na baadaye ikajitolea kuwasaidia walioathirika kurudishiwa data zao. Mimi nilisoma onyo la kwanza tu, nikampigia Mathe.

"Mama, kile kisanduku cheusi. Chomoa waya wa mtandao. Saa hii."

"Kuna nini?"

"Kuna watu wanaweza kufuta kila kitu kutoka mbali. Chomoa tu."

Nikasikia akiinama, kaunta ikilia. "Nimechomoa. Uko wapi wewe?"

"Maktaba."

Akanyamaza kidogo. "Haya. Soma."

Sikuwa maktaba. Nilikuwa Kasarani kwenye keja ya rafiki yangu, nimekaa kwenye mtungi wa maji uliogeuzwa, namwandikia mtoto wa Marekani insha ya uuguzi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu wakati huo: mtu aliyefukuzwa chuo anawafanyia wengine kazi za chuo, kwa dola, usiku. Wengi wetu tulifanya, msijifanye.

Huwa nasema niliacha chuo. Linatoka vizuri mdomoni, lina ladha ya mtu aliyeamua. Ukweli ni kwamba tuliachana, na ni chuo kilichoandika barua. Nilikuwa nimeingia 2018 kusomea aktuaria, kozi ya watoto waliopata A ya hesabu ambao hakuna mtu aliwaeleza hiyo kazi hasa ni nini. Mwaka wa pili nikaanguka masomo manne. Korona ikafunga kila kitu Machi 2020, karo ikarundikana, mitihani ya marudio ikaja kwa mtandao nikiwa sina bando, mingine sikuifanya kabisa kwa sababu ambazo si za bando. Novemba 2020 nikapata barua kwa imeli. Nimeondolewa. Niliisoma mara moja, nikaifuta, nikamwaga kapu la takataka pia. Nikamwambia Mathe muhula unaendelea. Niliendelea kumwambia hivyo hadi Pasaka ya 2022. Miezi kumi na saba. Kuna siku nilimtungia hadi jina la mhadhiri.

Turudi kwa kisanduku.

Sababu ya kutaka kukifufua ilikuwa ya kawaida. Septemba iliyopita lapi yangu ilimwagiwa chai na mtu ambaye sitamtaja kwa sababu ni mimi. Rasimu za miaka mitatu zikaenda, pamoja na hadithi moja niliyoipenda kuliko watu wengine. Nikaangalia bei ya kuhifadhi vitu mawinguni, nikaona ni dola kila mwezi milele, na mimi ni mtu ambaye kuna miezi dola zenyewe haziji. Halafu nikakumbuka nina terabaiti 2 chini ya kitanda.

Shida ni kwamba huwezi tu kukichomeka tena. Programu iliyomo ilikuwa imeachwa ikiwa na mashimo ambayo kila mwizi anayajua. Unaweza kukiweka mbali na intaneti kabisa, lakini mimi nilitaka kitu cha kuishi kwenye ruta moja na simu yangu, na hapo ruta yenyewe siiamini sana. Dawa ni kutoa mfumo wa kiwandani na kuweka mwingine, unaoangaliwa na watu walio hai. Nilichagua OpenWrt.

OpenWrt ina historia ninayoipenda. Mwaka 2003 watu walichungulia ndani ya ruta ya Linksys WRT54G, ile ya bluu na nyeusi, wakakuta inaendeshwa na Linux. Sasa leseni ya Linux, GPL, ina sharti: ukisambaza hii programu, toa na msimbo wake watu wauone. Wakapiga kelele, kampuni ikautoa, na mwaka 2004 mradi wa OpenWrt ukaanzia hapo. Leo unaingia kwenye ruta za makampuni mengi sana, na kwenye vitu vingine ambavyo si ruta kabisa, kimojawapo kikiwa hiki kisanduku cha Mathe. Prosesa ya PowerPC ya megahezi 800, RAM ya megabaiti 256. Simu ya mlinzi wa geti ina nguvu zaidi. Lakini kuna mtu mahali fulani aliyekaa usiku akihakikisha kwamba hata hiki kinawaka, bila kulipwa na mwenye kukiuza wala mwenye kukinunua.

Ukiwa umelelewa na mitumba hili halikushangazi. Shati linakuja Gikomba likiwa na jina la timu ya shule ya mtu mwingine kifuani. Fundi anabandua jina, anapunguza kiuno, unaenda nalo kanisani. Aliyelishona kwanza hakuulizwa.

Kukifungua hakuhitaji bisibisi mwanzoni. Ganda limeshikwa na meno ya plastiki, unapenyeza kitu chembamba pembeni na kusukuma. Nilitafuta kadi ngumu nisiyoihitaji. Ya benki naihitaji. Nikatumia kadi ya mwanafunzi. Ilifungua upande wa kwanza vizuri, upande wa pili ikavunjika katikati ya jina langu, na mimi nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Ndani kuna diski iliyofungwa kwa skrubu, na ubao mdogo wa kijani uliochomekwa kwenye makalio yake. Hiyo tu ndiyo kompyuta yote.

Na hapa kuna jambo zuri. Vifaa vingi vya aina hii huweka mfumo kwenye chipu ya ubaoni, kwa hivyo ukiharibu, umekwisha, unabaki na tofali. Hiki kinaweka kwenye chipu kiprogramu kidogo tu cha kuwasha. Mfumo wenyewe uko kwenye diski. Ukikosea unachomoa diski, unaiandika upya kwa kompyuta nyingine, unarudisha. Kwa mtu wa tabia zangu, hicho ni kifaa kizuri.

Lakini kuandika mfumo mpya kwenye diski kunafuta vilivyomo, na mimi sikutaka kufuta kabla ya kuona. Nikaenda Luthuli, nikanunua adapta ya SATA yenye stima yake, maana diski ya ukubwa huu haiwashwi na USB peke yake. Shilingi 1,500 baada ya kubembelezana. Nikaunganisha na lapi, ambayo ni ya mkono wa pili na inaendeshwa na Linux. Diski ikazunguka, sauti nzuri, laini. Sehemu nne zikaonekana: mbili ndogo za mfumo, ambazo ni nakala ya kila moja, moja ya kumbukumbu ya dharura, na ya nne, kubwa, yenye data.

Ya nne ikagoma kufunguka.

Nilijaribu tena. Ikagoma. Nikampelekea jamaa mmoja Luthuli anayerudisha data za watu, akaichomeka, akatazama sekunde kumi, akasema, "Hii imekufa, buda. Format uanze upya." Akataka mia tano kwa hiyo maneno. Nikampa mia mbili nikaondoka nikiwa na uzito ambao sikuutegemea. Si mafaili yangu. Ni vitambulisho vya watu wa Githurai. Kwani nilikuwa natafuta nini?

Usiku nikasoma ule ujumbe wa kosa polepole badala ya kuuangalia tu. Ulisema ukubwa wa bloku haufai: 65536. Ilinichukua saa mbili kuelewa, na nikielewa nilitaka kumrudia yule jamaa anirudishie mia mbili yangu.

Iko hivi. Diski haihifadhi vitu herufi moja moja, inahifadhi kwa vipimo. Kipimo kimoja ndicho bloku. Kompyuta nayo inapanga kumbukumbu yake kwa vipimo vinavyoitwa kurasa. Kwenye lapi yangu, na karibu lapi zote za kina sisi, ukurasa ni baiti 4,096. Lakini kisanduku hiki kilitengenezwa kipime kwa baiti 65,536, mara kumi na sita, na diski ikapangwa vivyo hivyo. Linux ya lapi yangu ikiona bloku kubwa kuliko ukurasa wake inakataa. Ni kama umekwenda kwa mama wa mahindi anayepima kwa gorogoro, ukamwambia muuzaji wa kwanza alipima kwa gunia na huruhusiwi kulifungua. Mahindi ni mazima. Ni gorogoro tu haitoshi.

Njia ya kuzunguka ipo. Kuna programu inaitwa fuse-ext2 ambayo haimwombi Linux mwenyewe afungue diski. Inasoma yenyewe kutoka pembeni, kama mtu wa kawaida, bila kutegemea ukubwa wa ukurasa. Ni ya polepole. Nikaiambia ifungue kwa kusoma tu, isiandike chochote. Ikafungua. Folda zikatokea kwenye skrini saa saba usiku, kwa herufi kubwa za Mathe, moja baada ya nyingine.

Nilianza kunakili kwenye diski ya kuazima. Gigabaiti 340. Ilikwenda usiku kucha, na saa kumi alfajiri stima ikapotea kama dakika tano, nikaanzisha upya kutoka pale ilipoishia nikiwa nimeshika tochi ya simu. Nikawa nasubiri, na mtu anayesubiri hufungua folda.

Sitawaambia nilichokiona cha watu. Nitasema tu kwamba mtaa mzima ulipita humo. Picha za pasipoti za wasichana waliokuwa wakienda Saudi. Matokeo ya KCSE ya mtu aliyepata D na bado akalipia laminasheni. Ripoti za hospitali. Vibali vya mazishi. Mkataba wa kununua ploti ambao hata mimi niliona ni wa uongo. Ilifika mahali nikaacha kufungua, maana nilijiona kama mtu anayesimama dirishani kwa watu.

Kisha kwenye herufi Y, kabla ya folda zote za "Yule", kulikuwa na folda inaitwa YANGU.

Nilidhani ni leseni ya biashara. Ilikuwepo, pamoja na risiti za kodi, cheti cha kifo cha Baba, ripoti zangu za shule ya msingi kuanzia darasa la kwanza, zote zimeskaniwa zikiwa zimepangwa kwa mwaka. Barua yangu ya kuitwa chuo, 2018. Risiti za karo, chache. Halafu faili lenye jina langu na tarehe: 03-12-2020.

Ni ile barua. Yenyewe. Ina mhuri wa kupokelewa posta na imekunjwa mara tatu, mikunjo inaonekana kwenye skani kama mistari ya kijivu. Mimi nilifikiri barua ni imeli. Kumbe walituma na ya karatasi, kwa sanduku la posta la mzazi, ambalo mimi mwenyewe nililijaza kwenye fomu ya kujiunga: sanduku la saiba. Mathe aliipokea, akaisoma, akaiskani kwa sababu karatasi hupotea, akaipa jina, akaiweka mahali pake. Siku hiyo jioni, nikihesabu vizuri, alinitumia shilingi 1,000 ya chakula.

Chini yake kulikuwa na mafaili matatu ya Word ya Januari 2021. "Ombi." "Ombi 2." "Ombi ya mwisho." Mathe alikuwa akiwaandikia watu barua za maombi kwa shilingi 50 ukurasa. Barua za kuomba kazi, za kuomba msamaha kwa mwajiri, za kuomba basari. Anajua Kiingereza cha hizo barua kama wimbo: kwa heshima na unyenyekevu, naomba, natanguliza shukrani. Hii ilianza hivyo hivyo, kwa msajili wa chuo. Katika ile ya kwanza alisema mtoto wake alikuwa mgonjwa. Katika ya pili alitoa hilo la ugonjwa. Katika ya mwisho aliandika kwamba mtoto ana akili ya hesabu, kwamba ameshikwa na aibu na aibu inamfanya ajifiche, na kwamba yeye mzazi yuko tayari kulipa deni kwa shilingi elfu tano kila mwezi mpaka liishe. Elfu tano. Saiba ikiwa na wateja sita kwa siku, barakoa mlangoni.

Niliketi mpaka kukapambazuka. Kunakili kukaisha, lapi ikalia, sikuinuka.

Siwezi kueleza kwa nini, lakini asubuhi hiyohiyo niliendelea na kazi. Nadhani mikono ilitaka kitu. Faili la OpenWrt la kisanduku hiki ni dogo, megabaiti chache tu, unalishusha hata na bando la ishirini. Unaliandika kwenye diski kwa amri inaitwa dd, na dd haikuulizi kama una uhakika. Unaiambia soma hapa, andika pale, inaandika. Ukikosea herufi moja, badala ya diski ya kisanduku inafuta lapi yako. Nilisoma herufi hiyo mara nne, nikabonyeza.

Nikarudisha diski kwenye ubao, nikachomeka. Taa ikawaka, na ikabaki hivyo. Hakuna kitu kwenye ruta. Nikasubiri dakika ishirini, nikichukulia kwamba ni mzee anahitaji muda. Wapi. Nilikuwa nimeandika faili likiwa bado limebanwa, la gz, bila kulifungua kwanza. Kosa la mtu ambaye hajalala. Nikatoa skrubu, nikachomoa, nikafungua faili, nikaandika tena, nikarudisha skrubu. Safari hii baada ya kama dakika moja ruta ikaonyesha mgeni mpya. Nikaingia, na yale maandishi ya kukaribisha ya OpenWrt yakajipanga kwenye skrini yangu. Kwa mtu ambaye hajawahi kukaa na kitu kimya kisicho na skrini akisubiri kijibu, sijui nikuelezeje hiyo raha.

Yaliyobaki yalikuwa madogo. Paswadi mpya, kabla ya yote. Sehemu iliyobaki ya diski nikaipanga upya, kwa bloku za baiti 4,096, ili siku mtu akiirithi asiambiwe imekufa. Nikaweka programu ya kugawa folda kwa mtandao wa nyumba, na nyingine ya kunakili rasimu zangu kila usiku. Kwenye ruta sikukifungulia mlango wowote wa nje. Hizo 340 zikarudi nyumbani.

Jumapili nikaenda kwa Mathe. Nilimkuta jikoni akichambua maharagwe. Nilikuwa nimepanga kuanza na habari za watu, kwa sababu ni habari za kweli na kwa sababu ni rahisi.

"Mama, kile kisanduku kiko hai. Vitu vyote vimo. Vitambulisho vya watu maelfu."

"Futa."

"Zote?"

"Saiba imefungwa. Ni za nini tena? Mtu alinipa kitambulisho nimtolee kopi, hakunipa nimwekee maisha yake yote." Akatupa jiwe dogo kwenye sahani. "Siku zile niliona ninawasaidia. Sasa hivi ukiwa na kitu cha mtu ni kesi."

Ana haki. Kuna sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na hata kabla ya sheria kulikuwa na haya. Nilimwambia nitafuta, na si kufuta kwa kuondoa jina tu, nitaandika juu yake ili hata jamaa wa Luthuli asione kitu.

"Ila folda yangu uache," akasema.

Maharagwe yakaendelea. Nikasikia nyumba ya juu wakihamisha kitanda.

"Nimeiona, Mama."

"Nilijua utaiona. Wewe ni mtu wa kuchungulia."

"Ile barua ya ombi. Ulipeleka?"

"Nilipeleka. Kwa mkono. Walinikalisha kwenye benchi hadi saa nane." Hakuinua macho. "Yule mama wa ofisini hakuwa mbaya. Alisema inawezekana, lakini mwanafunzi mwenyewe ndiye aje aandike sahihi. Ndani ya siku thelathini."

Sikuwa na la kusema. Nilitafuta, halikuwepo.

"Sasa ningekuambiaje uje usahihishe," akasema, "na wewe kila jioni unaniambia uko darasani? Nikasema acha nisubiri aniambie mwenyewe. Nikangoja. Siku zikaisha."

Alimimina maharagwe kwenye sufuria, akayaosha mara ya kwanza, akamwaga maji, akaweka mengine. Nilisogea nikawasha jiko.

"Na hicho kisanduku," akauliza, "kinakula stima ngapi?"

"Kidogo. Wati kumi hivi. Kama balbu."

"Usikiweke karibu na chai."